Chujio la Umeme

Skrubu ya mwisho ya mfuniko ilikuwa haishiki. Mdoe aliitoa, akaipuliza vumbi, akairudisha taratibu huku amelikumbatia boksi kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemnyoa mtoto asiyetulia. Boksi lenyewe lilikuwa la bati, zamani lilikuwa chaja ya betri za gari. Sasa ndani yake kulikuwa na pete nyeusi ya sumaku aliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu, waya mwekundu ulioizunguka pete hiyo mstari kwa mstari bila kupandana, na kapasita ndogo za bluu zilizokuja kwa basi kutoka Tanga. Yeye aliliita chujio. Umeme mchafu unaingia upande huu, alipenda kusema, na ukitokea upande wa pili umeshaacha takataka zake, kama chai inavyoacha majani.

Takataka hizo alizijua kwa masikio. Fundi wa kuchomelea akigusisha fimbo yake kwenye chuma, spika za mtaa mzima hukwaruza. Mashine ya kusaga ikiwashwa, zinaguna. Watu wa muziki wa Korogwe na Handeni walikuwa wamezoea kupandisha sauti ili kuufunika mkwaruzo, na mkwaruzo nao ukapanda pamoja na sauti. Mdoe alikuwa amechoka kuusikia.

"Hilo dude limeisha?" aliuliza Evodia, fundi cherehani waliyegawana naye baraza pale Manundu, Korogwe.

"Bado kulijaribu."

"Likiisha nichomekee cherehani yangu. Labda itaacha kuruka nyuzi."

"Cherehani yako inaruka nyuzi kwa sababu sindano imepinda, dada. Nilishakwambia."

"Haya, daktari wa vyuma."

Mdoe alichomeka boksi, akachomeka redio yake ya majaribio kwenye boksi, akasikiliza. Mkwaruzo ulikuwa umekwisha kabisa. Alitabasamu peke yake. Evodia aliacha cherehani, akaja peku kama alivyozoea kushona, akainama kutazama, akaweka kiganja juu ya bati.

Aliurudisha mkono kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Mama wee! Linauma!"

"Limekuuma au limekutekenya?"

"Unaniuliza kipimo? Limenitafuna kama siafu!"

Mdoe hakucheka. Alichukua bisibisi ya tesita, akaigusisha kwenye bati. Kitaa cha ndani ya mpini kikawaka chekundu. Alichomoa umeme, akafungua tena skrubu zile zilizomsumbua, akakagua waya mmoja mmoja. Hakuna uliogusa bati. Kila kitu kilikuwa pale alipokiweka. Ndipo akaufuata waya kwa macho, kutoka kwenye boksi hadi ukutani, akaiona ekstensheni aliyoitumia: nyembamba, nyeupe, ya nyaya mbili. Ile yake nzuri, yenye waya wa tatu, alikuwa amemwazima Sabiri, mpiga muziki wa Handeni.

Waya wa tatu ni ule wa kijani, wa ethi, unaoshuka mpaka kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini. Chujio linautegemea. Kapasita zake humwaga uchafu wa umeme kwenye bati, na waya wa kijani huutoa kwenye bati kuupeleka ardhini. Ukikosekana waya huo, kilichomwagwa hubaki kwenye bati kikingoja njia nyingine. Leo njia ilikuwa mkono wa Evodia, na nyayo zake juu ya saruji yenye unyevu wa masika.

"Evodia," alisema polepole, "hizi kapasita ni ndogo. Kama punje ya mahindi. Ndiyo maana limekutekenya tu."

"Nimesema limenitafuna."

"Lile la Sabiri lina za feni."

Evodia alimtazama. Hakujua kapasita ya feni ni nini, lakini aliona jinsi uso wa jirani yake ulivyobadilika.

Boksi la kwanza Mdoe alikuwa amelitengeneza wiki iliyopita, kabla za bluu hazijafika. Alikuwa na feni mbili mbovu za darini. Akazing'oa kapasita zake, nene, nyeupe, akafikiri kwamba nene zaidi itachuja zaidi. Na kweli ilichuja. Mezani kwake, juu ya ekstensheni yenye ethi, boksi lilitulia kama jiwe. Akalitia mikononi mwa Sabiri pamoja na ekstensheni, akamwambia asikate waya wa kijani. Alimwambia hivyo kwa sababu anawajua watu wa muziki. Spika ikivuma, jambo la kwanza wanalofanya ni kufungua plagi na kuukata waya wa kijani, na mvumo hukoma. Wamefundishana hivyo toka enzi za kaseti.

Na kinachokaa kwenye bati la chujio hakiishii hapo. Kinafuata waya hadi kwenye amplifaya, kwenye mikisa inayochanganya sauti, hadi kwenye chuma cha maiki.

Leo Sabiri alikuwa anapiga kwenye maulidi nyumbani kwa Mzee Sufiani. Baada ya swala ya alasiri akina mama wangefungua kwa kasida. Watakuwa wametoka kutia udhu, mikono na miguu ikichuruzika maji.

Mdoe alipiga simu. Haikupatikana. Alipiga tena, ingawa alijua sababu: Sabiri huchezea nyimbo kwenye simu hiyo hiyo, na akianza kazi huifungia mtandao, isije ikaita katikati ya shughuli za watu.

"Nipe namba, mimi nitaendelea kupiga," Evodia alisema, tayari ameshika simu yake. "Wewe nenda."

"Akipokea mwambie achomoe boksi. Asizungumze, achomoe kwanza."

"Achomoe kwanza. Nenda!"

Alitia mfukoni tesita, bisibisi, na balbu ndogo ya friji aliyoitumia kupimia, iliyoungwa nyaya mbili ndefu. Akawasha pikipiki.

Barabara ya Handeni ilikuwa na maji pembeni na anga lilikuwa zito upande wa milimani. Mdoe kwa kawaida huendesha pikipiki kama anavyotembea, bila haraka, na wenzake humtania kwamba baiskeli zinampita. Siku hiyo aliyapita malori. Alipofika Sindeni alisikia adhana ya alasiri, akaongeza mwendo.

Njiani alimkasirikia Sabiri. Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka, lakini hofu ilimharakisha. Alimwona kwa akili yake akifungua plagi, akiuvuta ule waya kwa meno, akiutema chini. Nilimwambia. Nilimwambia kwa kinywa changu, tena mara mbili, naye akaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, huku mawazo yake yako kwenye muziki. Kila kijiji kilichopita, maneno yalizidi kuwa makali, hata akawa ameshaandaa atakayomwambia mbele za watu.

Alisikia spika kabla ya kuiona nyumba. Ilikuwa pembeni mwa mji, imepakana na karakana ya fundi wa milango ya chuma, na hata kutoka barabarani cheche za buluu zilionekana juu ya ua wa mabati. Lakini spika hazikukwaruza. Kasida iliyotoka kwenye simu ya Sabiri ilikuwa safi, kila dufu lilisikika peke yake. Mdoe hakuwahi kusikia muziki wa shughuli ukitoka hivyo, na usafi huo ndio uliomtisha, kwa maana ulionyesha kwamba boksi linafanya kazi.

Aliiangusha pikipiki ilivyo, akaingia uani. Swala ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wanakaa kwenye mikeka upande wa baraza. Katikati ya ua, kwenye udongo mtupu ambako mikeka haikufika, maiki ilisimama juu ya stendi yake.

"Sabiri! Zima!"

Sauti ya Mdoe haijawahi kuvuka chumba. Sabiri, kwenye meza yake ya mikisa ng'ambo ya ua, alimwona mdomo ukifunguka, akafurahi. Alimnyooshea dole gumba, akaonyesha spika kwa kichwa kama kusema isikie kazi yako, halafu kwa heshima ya mgeni akapandisha sauti.

"Zima! Chomoa!"

Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa anatoka kwenye pipa la maji, mikono ya baibui ameikunja mpaka kwenye kiwiko. Wanawake walimpigia vigelegele. Alikuwa Bi Mwantumu, kiongozi wa kasida. Alitembea peku juu ya tope, akijikung'uta maji vidoleni, akiielekea maiki.

Mdoe aliutafuta waya. Uliondoka chini ya meza ya Sabiri, ukapita kwenye boksi lake la bati, ukapita nyuma ya masufuria ya pilau, ukapanda dirishani. Alikimbia. Aliruka kuni, akakanyaga sinia la mtu, akaingiza kiwiliwili chote kwenye lile dirisha mpaka akaifikia soketi, akavuta.

Ua ukanyamaza. Ng'ambo ya mabati fundi wa milango aliendelea kuchomelea.

Alipogeuka, mkono wa Bi Mwantumu ulikuwa hewani, vidole viko karibu na maiki.

"Ni nani huyu?" aliuliza yule mama. "Mwanaume mzima anaingia kwenye dirisha la watu bila hodi!"

"Shikamoo, bibi. Samahani sana. Usiishike hiyo maiki."

"Marahaba. Na mbona naishika kila mwaka?"

"Kaka Mdoe!" Sabiri alikuja mbio, buti zake za mpira zikipiga tope. "Vipi tena? Nimetoka kukusifu hapa sasa hivi. Nimewaambia Wasambaa wana akili, na wewe unakuja kuniaibisha?"

"Ulikata waya wa kijani."

"Nani?"

"Wewe. Nilikukataza, ukakata. Hiyo maiki ina umeme."

"Maiki nimeishika tangu asubuhi! Moja mbili, moja mbili, mpaka koo limekauka. Ina umeme gani usioniona mimi?"

"Umevaa buti za mpira."

"Basi ngoja nivue." Sabiri alishika buti ya kulia, akaanza kuivuta, watu wakacheka. "Irudishe kwenye umeme, niishike peku tuone."

Mdoe alimkamata mkono. Alimkamata kwa nguvu ambayo hakuna aliyemdhania kuwa nayo, na Sabiri akabaki amesimama kwa mguu mmoja, kicheko kikamwisha.

"Fungua plagi," Mdoe alisema.

"Fungua mwenyewe. Bisibisi si unayo?"

Aliifungua ile ya ekstensheni mbele ya wote. Waya wa kijani ulikuwa mahali pake, umekazwa vizuri, tena ulifungwa uzi mwekundu ili asiuguse mtu mwingine. Alifungua plagi ya amplifaya. Nayo ilikuwa na wake.

"Uliniambia nisikate," alisema Sabiri, sasa kwa sauti ya chini. "Sikukata. Umetoka Korogwe mpaka hapa kunitukana mbele ya watu walioniita kazini?"

Maneno yote aliyoyaandaa njiani Mdoe aliyaacha. Aliitazama ile plagi iliyofungwa uzi mwekundu. Mtu mmoja kwenye mikeka akauliza kama shughuli ni ya maulidi au ya mafundi. Ingekuwa rahisi kuomba radhi, kurudisha plagi, na kuondoka.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Kwa hilo nimekukosea, na nimekukosea hadharani. Lakini nipe nafasi nipime kitu kimoja. Kila mtu akae mbali."

Alifunga waya mmoja wa balbu kwenye shingo ya maiki. Waya wa pili aliuzungushia kisu cha kukatia vitunguu, akakichoma kwenye tope, pale pale Bi Mwantumu aliposimama. Kisha akazifunga plagi, akarudisha umeme.

Balbu ikawaka. Kwanza nyekundu, kisha njano, ikatulia ikimulika tope.

Bi Mwantumu aliitazama balbu, akatazama nyayo zake mwenyewe zilizochorwa kando ya kisu, akarudi nyuma hadi kwenye mkeka.

"Lakini sikukata," Sabiri alisema tena.

"Hukukata." Mdoe alichomoa. "Basi umekatika mbele ya hapa. Mzee wangu, waya wa ethi wa nyumba hii unashukia wapi?"

Mzee Sufiani, mwenye nyumba, aliwaongoza nyuma ya baraza. Waya wa kijani ulitoka ukutani, ukashuka, ukaishia kwenye shimo dogo lililojaa majani makavu. Ncha yake ilikuwa inaning'inia tu.

"Hapa palikuwa na nondo, mzee. Ndefu, rangi ya shaba."

"Ile? Ilijitokeza hapo, kila nikitoka alfajiri inanikwaza kidole. Niliing'oa tangu kiangazi." Alinyoosha bakora kuelekea kwenye migomba. "Chuma kizuri sana. Si ndiyo nimemfungia mbuzi?"

Mbuzi aliinua kichwa kutoka kwenye majani. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye nondo ya ethi ya nyumba nzima.

Waliosikia waliangua kicheko, na Mzee Sufiani akacheka nao, kisha akaona kwamba mafundi wawili hawacheki. "Kwani ilikuwa na kazi?" aliuliza. Mdoe alimweleza pole pole, bila kumlaumu. Nondo ilikaa miaka bila kuonekana ikifanya chochote, na chuma kisichoonekana kufanya kitu kitaonekana kigingi kizuri cha mbuzi. Na yeye mwenyewe, alipolitengeneza boksi, hakujiuliza hata mara moja kwamba ethi ya nyumba ya mtu yaweza kuwa haipo. Alitengeneza kwa ajili ya meza yake.

Maulidi yalisomwa bila chujio. Mdoe alilitoa boksi, amplifaya ikachomekwa ukutani moja kwa moja, na balbu ikapimwa tena kwenye maiki. Haikuwaka. Hata hivyo aliomba maiki izungushiwe kitambaa kikavu na mkeka utandikwe chini yake. Mara tu Bi Mwantumu alipoanza, karakana ya jirani ikajibu kwenye spika, krrr, krrr.

"Jirani leo anaitikia kasida," alisema kwenye maiki, na ua mzima ukacheka, naye akaendelea pale pale alipoachia.

Sabiri hakucheka. Alikuwa amefungua mtandao wa simu. Simu za Evodia alizozikosa zilijaa kioo kizima.

"Kaka," alisema, "kuna kitu kingine. Nililifungua boksi lako, nikalipiga picha ndani. Nikaziweka kwenye kundi letu la watu wa muziki. Kila mtu aliuliza sauti imekuwaje safi hivi."

Mdoe alikaa juu ya spika iliyozimwa. "Na kapasita za feni zinaonekana?"

"Mpaka maandishi yake."

Walikaa bega kwa bega wakiandika na kutuma sauti. Msitengeneze. Mliotengeneza msiwashe. Mdoe alizungumza mwenyewe kwenye simu, kwa ile sauti yake ndogo, akataja jina lake na akasema kwamba kosa ni lake. Majibu yalianza kuja. Wa Mombo hakuwa na habari nalo. Wa Mazinde alikuwa bado anatafuta bati. Ponsiano wa Dindira, mpigaji wa kwaya, hakujibu. Ujumbe ulikaa bila kusomwa huku kasida ya pili ikianza na kwisha. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Mpigie."

"Nimempigia. Inaita tu."

"Piga tena."

Watu walikuwa wameanza kugawiwa pilau Ponsiano alipopokea. Sabiri aliweka sauti juu ili wote wawili wasikie.

"Nilikuwa shambani, bwana, kuna nini? Chujio? Nimelimaliza jana. Nilitaka kulijaribu asubuhi kanisani."

"Limeguswa na umeme?" Mdoe aliuliza.

"Hapana. Nani huyo?"

"Mdoe wa Manundu. Ponsiano, nisikilize. Lifungie kabatini. Asiliguse mtu. Kesho nakuja Dindira."

"Kesho? Kwa barabara hii na mvua hii?"

"Nakuja."

Baada ya kula walichukua mtaimbo na nyundo ya karakana ya jirani, wakamhamishia mbuzi kwenye mgomba, wakaing'oa nondo na kuileta kwenye shimo lake. Mdoe hakutaka kuiacha nyumba ile bila ethi, chujio liwepo au lisiwepo. Lakini mahali pa zamani Mzee Sufiani alikuwa amepashindilia kokoto alipotengeneza baraza, na nondo iliingia kiasi cha kiganja, ikagoma. Walihamia hatua chache pembeni. Sabiri alishika, Mdoe akapiga. Udongo wa juu ulikuwa laini kwa mvua. Chini yake ulikuwa mgumu kama tofali.

"Bado unanidai radhi?" Mdoe aliuliza kati ya nyundo na nyundo.

"Ulishaniomba."

"Niliomba haraka."

"Basi piga, kaka. Kiza kinaingia."

Nondo ilifika katikati. Nyundo iliyofuata ikaipinda kidogo, wakasimama wote wawili kuitazama. Ilihitaji kuloweshwa usiku kucha, Mdoe alisema, shimo lijazwe maji, kisha ipigwe asubuhi kwa uangalifu kabla hajapanda mlimani kwenda Dindira. Mzee Sufiani akasema kitanda kipo. Bi Mwantumu alipita na wenzake wakienda zao, akaliona boksi la bati limewekwa juu ya ukuta wa baraza, mfuniko umefunguliwa, akalizunguka kwa mbali.

Sabiri alileta ndoo ya maji. Waliyamimina pembeni mwa nondo, wakangoja udongo uyanywe, wakamimina tena.